Saa Isiyojitaja

Jumamosi, 3 Mei

Siku mbaya. Morvani imekufa. Saa yangu yenyewe inatembea barabara, hiyo haina neno. Kilichokufa ni heshima yake. Ilikufa leo kama saa tisa na nusu alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, na mimi nilikuwepo. Tena nilikuja nayo!

Niandike taratibu. Sisi ni Chama cha Wapenda Saa, watu kumi na mmoja. Tuna desturi moja isiyovunjwa. Ukiingia, unavua saa yako, unailaza uso juu kwenye sinia lenye kitambaa cha kijani, kisha unakaa kimya. Huruhusiwi kuisifu yako. Unangoja mwenzio aisifu. Kuna mwanachama mmoja, mwalimu wa muziki, anangoja mwaka wa nne sasa.

Mimi sikuwahi kungoja. Morvani! Miaka yote jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kama watu wako maktaba. Leo Mwenyekiti wetu, hakimu mstaafu, kalaza kijisaa chembamba kisicho na jina usoni, akatutangazia kama anayesoma hukumu kwamba Morvani siku hizi ni saa ya watu wanaotaka kutazamwa. Kila dalali anayo. Kila mwimbaji anazo mbili. Saa ya kweli, akasema, haijitaji. Watu wakacheka, wakageukia sinia. Morvani ilikuwa moja tu.

Daktari wa Meno naye alicheka, tena kwa meno yote. Huyu alikuwa na Morvani hadi Jumamosi iliyopita! Leo kaja na kisaa chenye mkanda uliochanika. Alijuaje? Nani alimnong'oneza?

Uchaguzi wa katibu ni tarehe 17. Wagombea ni wawili, yeye na mimi. Katibu anashika daftari la chama na kukaa kulia kwa Mwenyekiti. Kiti hicho nimekitamani miaka sita. Hata mto wake naujua, ni mwekundu na umefumuka pembeni. Sikubali kukikosa kwa sababu ya watu wenye mikono ya dhahabu nisiowajua.

Jumapili, 4 Mei

Nimeamka na mpango. Bora kuwa wa kwanza kukemea kuliko wa mwisho kukemewa. Nimeandika makala katika kundi letu la simu: "Mshabiki wa Morvani: Dalili na Tiba." Dalili ya kwanza, kuvaa mikono mifupi hata kwenye baridi. Ya pili, kuelekeza watu njia bila kuulizwa, mkono umenyooshwa. Ya tatu, ukimuuliza saa ngapi anakujibu bei. Tiba sikuandika. Sikuipata.

Mwenyekiti ametuma dole gumba. Daktari wa Meno ametuma kikatuni kinachopiga miayo. Kijicho hicho!

Mke wangu kaniuliza mbona sijavaa saa ya Baba. Nikamwambia inapumzika. Akasema saa haipumziki, ikipumzika imekufa. Hajui siasa za chama.

Nikiri hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Saa si yangu hasa. Ni ya baba mkwe, mkuu wa stesheni mstaafu. Zamani, kabla ya dhahabu na waimbaji, Morvani walitengeneza saa za reli. Uso mweupe, tarakimu nyeusi, jina dogo juu. Alipewa na reli baada ya miaka ishirini ya kazi, na kwa saa ile aliruhusu treni kuondoka. Siku ya harusi yetu akaivua, akanifunga mkononi yeye mwenyewe. Chamani sijawahi kusema hivyo. Nilisema nimeitafuta miaka mingi.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani. Nazunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, napima, napiga muhuri. Leo ilikuwa zamu ya bucha la sokoni. Nimeinama kutoa jiwe la kilo tano, mkono wa shati ukapanda, na mwenye bucha akaiona. (Ndiyo, niliivaa. Kazini sina ya kuangalia nyingine.)

Akapiga ukelele. Ndugu yangu! Kumbe naye anayo, ya dhahabu, pana kama kisosi, ina vipande vya mafuta pembeni. Tena ni kiongozi wa kitu kinachoitwa Familia ya Morvani, watu sabini wanaosalimiana kwa kugonganisha saa, kioo kwa kioo. Akanikumbatia na aproni yake yote. Akawaita wateja waje kuona. Akawaambia saa yangu ni bibi wa yake, waiheshimu. Mama mmoja aliyefuata nyama ya kusaga akaiamkia.

Nikainua kichwa. Kwenye foleni, anangoja maini, Daktari wa Meno! Anatabasamu.

Saa saba mchana picha ilikuwa kwenye kundi. Mimi, aproni, damu begani. Chini yake ameandika: "Mtunzi wa Dalili na Tiba akiwa na mgonjwa wake." Madole gumba tisa. La tisa ni la Mwenyekiti.

Bucha hilo nililikuta mizani yake iko sawasawa kabisa. Hata hilo lilinikera.

Jumatano, 7 Mei

Nimefikiri ofisini asubuhi nzima, muhuri mkononi. Mwenyekiti kasema saa ya kweli haijitaji. Basi! Tatizo si saa, tatizo ni jina. Herufi saba tu. Ziondoke.

Nikampelekea fundi saa. Akaitazama, akanitazama, akairudisha mezani. Akasema yeye anatibu saa, hazichuni ngozi. Akasema saa hii ameifungua na kuisafisha kwa mkono wake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na uso wake haujaguswa tangu ulipotoka kiwandani, na kwamba uso ukishaguswa haurudi. Nikamwambia ni matakwa ya mwenye saa. Akauliza mwenye saa yupi.

Watu wa ufundi wana kiburi. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya mwenyewe! Mlango wa ofisi nimeufunga kwa ufunguo. Kioo nimekibandua kwa kisu cha kufungulia barua. Kisha kijiti cha pamba na dawa ileile ninayong'arishia mawe ya mizani, kwa kuwa mkono wangu umeizoea. Nimepaka kidogo. Nimesugua polepole, kwa duara. M ikaondoka. O ikaondoka. Raha iliyoje! Sijawahi kuona herufi zikitii namna ile.

Jina likaisha. Dawa ikachuruzika chini, tarakimu ya nne nayo ikaondoka, ingawa sikuiambia. Ya tano imebaki kichwa tu. Uso umeingia ukungu kidogo kama chai iliyotiwa maziwa. Nikauweka mbali, nikautazama kwa jicho moja. Heshima tupu.

Jumamosi, 10 Mei

Ushindi!

Nimelaza saa kwenye sinia nikakaa kimya. Mwenyekiti akaichukua. Akaweka lenzi jichoni. Mwisho akauliza ni saa gani hii. Nikamjibu kwa upole kwamba sijui, haijasema. Akatikisa kichwa polepole, akasema wenzangu, huu ndio unyenyekevu. Akaizungusha kwa wote. Mwenzetu mmoja, mtu wa bima, akasema ukungu ule hauigiziki. Mwalimu wa muziki akasema nafasi ya ile tarakimu iliyokosekana ni kama pumziko katika wimbo.

Saa ileile! Ileile waliyoicheka siku saba zilizopita. Watu kumi wenye lenzi na hakuna aliyeitambua, maana saa walikuwa wanaijua kwa jina. Fundi peke yake aliitambua. Aligeukia ukutani akapenga kamasi muda mrefu.

Mwenyekiti ameniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Kwa ajili ya daftari! Daktari wa Meno hakugusa biskuti. Nimempita njiani kurudi nyumbani, nikamuuliza kwa huruma kama jino linamuuma.

Jumatano, 14 Mei

Siamini. Siamini!

Mwenyekiti ameandika ujumbe mrefu kwenye kundi. Amesoma jarida. Amegundua kwamba tuliikosea Morvani. Tuliwachanganya washabiki na saa. Wimbo hauchukiwi, anasema, kwa sababu ya walevi wanaouimba. Morvani ya kweli ni ile ya zamani, ya stesheni, yenye uso usioguswa, na jina lake dogo juu ni kitambulisho cha watu wanaojua. Kuguswa uso, anasema, ni jinai. Kaandika jinai kwa herufi kubwa, na huyu mtu alikuwa hakimu.

Dakika tatu baadaye Daktari wa Meno kaandika kwamba hivyo ndivyo yeye alivyohisi siku zote.

Kisha Mwenyekiti akaniandikia mimi, faraghani. Si nilikuwa na ya stesheni? Ile niliyovaa zamani, kabla ya hii ya unyenyekevu? Anaona nina macho mapana kuliko wote. Niilete Jumamosi. Akiiona kwenye sinia, kiti ni changu, atalisema kabla ya kura.

Nimeandika: "Bila shaka, Mheshimiwa."

Alhamisi, 15 Mei

Mfa maji haachi kutapatapa. Fundi hata mlango hakunifungulia. Alinionyesha kiganja kupitia kioo. Kiwanda cha Morvani kiko mbali na hakijibu simu za watu kama mimi.

Nikaenda kwa mchora vibao, yule aliyechora vibao vyote vya barabara yetu, kuanzia saluni hadi kliniki ya Daktari wa Meno. Nikamwonyesha picha ya zamani. Akasema kazi ndogo. Akasema amewahi kuandika jina la mtu kwenye punje ya mchele, na punje ile bado ipo kwa shangazi yake. Nikamwachia, nikaenda kukagua mizani ya posta.

Nimerudi saa kumi. MORVANI! Kwa rangi nyekundu. Ina kivuli cha bluu, kama kibao cha saluni. Mshale wa dakika unapopita juu ya herufi V unakwama kidogo, unatetemeka, kisha unaruka. Nimemuuliza mbona nyekundu. Akasema nyeusi haivutii wateja.

Na chini, kwa herufi za sisimizi, namba yake ya simu. Anaiweka kwenye kila kazi, anasema, ni mazoea. Tarakimu tatu za mwisho hazikutosha.

La kuvunda halina ubani. Lakini chumba cha fundi kina giza pembeni.

Ijumaa, 16 Mei

Baba mkwe kaja! Kwa treni ya saa nne asubuhi, na kofia yake, na mfuko wa mahindi mabichi. Jumapili wana mkutano wa wastaafu wa reli. Kuna desturi yao: wakuu wa stesheni wa zamani husimama duara, mmoja huhesabu, wote husoma saa zao kwa pamoja. Anayetofautiana na wenzake hata kwa nusu dakika anawahudumia chai. Baba hajawahi kuhudumia chai. Ameiomba saa yake kwa siku moja tu. Kwa heshima, kama mtu anayeomba kitu cha watu.

Akasema wamebaki watano. Mwaka jana walikuwa tisa.

Nikamwambia iko kwa fundi. Ilikuwa mfukoni mwangu, inatembea. Nilikohoa ili asisikie. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Nilifika wa mwisho makusudi. Nikailaza saa pembeni mwa sinia, mbali na taa, nikaweka sahani ya biskuti iifunike kwa kivuli chake. Mwenyekiti akafungua kikao. Akasema kabla ya kura kuna mwanachama aliyetuletea asili. Akanyoosha mkono.

Mlango ukafunguliwa. Baba mkwe! Kofia mkononi. Amefuata saa yake kwa fundi, kwani si nilimwambia iko huko? Fundi akasimama, wakashikana mikono yote miwili kama watu waliozikiana wazazi. Baba akatusalimu wote, mmoja mmoja. Kisha akaliona sinia, akatabasamu, akasema kumbe ipo hapa. Akaichukua kabla ya Mwenyekiti.

Hakuitazama kwanza. Aliipitishia kidole gumba mgongoni, pale palipokwaruzwa na meza ya stesheni. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaigeuza, akavaa miwani, akaileta karibu na taa. Mshale ukafika kwenye V. Ukakwama. Ukaruka.

Akasema, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Mgongo huu naujua. Uso ni wa nani?"

Mwenyekiti akaichukua mkononi mwa Baba, akaweka lenzi, akasoma namba ya simu kwa sauti hadi tarakimu zilipoishia. Daktari wa Meno akasema mbona hiyo ni namba ya mchora vibao wake. Wakacheka. Walicheka sana, na mtu wa bima alilazimika kuketi. Baba hakucheka. Aliiomba saa yake, akaiweka sikioni, macho amefumba. Akasema bado inaishi. Akaitia ufunguo, akaivaa, akaniambia tutaonana nyumbani, mwanangu. Aliniita mwanangu. Afadhali angenitukana.

Kura zilikuwa kumi kwa moja. Ile moja ilikuwa na mwandiko wangu.

Jumapili, 18 Mei

Baba amehudumia chai.

Amerudi kutoka mkutanoni akatueleza mwenyewe, akijaribu kuifanya mzaha. Mshale ulikwama kwenye rangi, wenzake wakasoma saa nne na dakika tatu, yeye akasoma saa nne na dakika mbili. Wakacheka, akawamiminia. Kisha akaenda kulala mchana, yeye asiyelala mchana.

Mke wangu alinifuata jikoni. Akasema alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akiilaza saa ile mezani kabla ya kwenda kulala kidogo, naye akawekwa kuilinda. Hakujua kusoma saa. Aliambiwa mshale mdogo ukifika kwenye nne, ile ya saa kumi, amwamshe baba, treni inakuja. Ndiyo tarakimu ya kwanza aliyoijua maishani. Akasema hayo yote huku anaosha sufuria moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza nne iko wapi.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nimeapa. Simtaki tena Mwenyekiti, sitaki kiti, sitaki mto, sitaki sinia. Saa ni kitu cha kuonyesha saa. Nimeapa kwa dhati na naandika hapa ili iwe ushahidi dhidi yangu.

Jumatano, 21 Mei

Mambo yamebadilika!

Mwenyekiti ameandika jana. Anasema amechoka na kelele za majina, yawepo au yasiwepo. Mpenda saa aliyekomaa, anasema, havai saa kabisa. Anayo moyoni. Akitaka kujua wakati, anauliza, na kwa kuuliza anakutana na binadamu mwenzake. Mkono mtupu!

Nikautazama mkono wangu. Mtupu! Mimi pekee katika chama kizima sina saa. Wengine watahangaika kuvua, mimi nilishavuliwa. Kumbe sikuanguka. Nilitangulia!

Kasoro moja. Pale ulipokaa mkanda pana alama, ngozi imepauka, inaonyesha mtu aliyevaa saa hadi juzi. Nimepaka dawa ya viatu ya rangi ya kahawia, mara mbili, nikaisugua kwa kitambaa. Huwezi kutambua. Nimeanza pia makala: "Mkono Mtupu: Ushuhuda wa Mtangulizi."

Mke wangu aliniambia asubuhi kwamba Baba anaondoka kwa treni ya saa tisa, na nifike stesheni saa nane, bila kukosa, kwa kuwa ana neno la kuniambia kwa kinywa chake mwenyewe. Nikaahidi. Nikatoka ofisini mkono mtupu, nikauliza wakati kwa kukutana na binadamu mwenzangu. Muuza magazeti alisema saa saba na robo. Mbele kidogo fundi viatu akasema saba na robo pia. Dereva mmoja akasema hajui, lakini bado mapema. Nikakaa kwenye benchi, nikamalizia aya ya tatu. Aya nzuri.

Nilipofika, njia ya reli ilikuwa wazi. Jukwaani alikuwepo mke wangu peke yake, ameketi, mikono magotini. Sikuuliza saa ngapi. Aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama, akaniambia treni umeikosa kwa dakika kumi na tisa.

Saa ya Baba! Mkononi mwake! Fundi ameifuta rangi yote, bure, akasema ni haki ya rafiki. Jina halipo, nne haipo. Mahali pake ni peupe tu. Baba alikuwa amekuja nayo ili anirudishie, akasema kijana hukosea na saa ni ya mkwe wake, alishaitoa. Alisimama na kuitazama njia niliyotarajiwa kuja nayo. Kipenga kikalia. Akasubiri hadi treni ikaanza kusogea, ndipo akaivua akamfunga binti yake, akapanda kwa kukimbia, mzee wa miaka sabini na minne. Hakuwahi kuichelewesha treni hata siku moja, akasema mke wangu, na leo alitamani.

Nikamshika bega. Roho iliniuma, na sisemi uongo, iliniuma kweli.

Lakini tulipokuwa tunatoka niliitazama vizuri. Saa ya zamani ya kiume kwenye mkono wa mwanamke. Imevaliwa kwa ndani, uso unaelekea mapigo ya moyo. Haina jina. Haitaki kutazamwa na mtu. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwenye sinia letu, na Daktari wa Meno hajaoa!

Nimemwomba mke wangu twende wote Jumamosi, akae kimya tu, aulaze mkono wake juu ya kitambaa cha kijani. Hatalazimika hata kuivua. Bado hajanijibu. Nadhani anafikiria avae nini.